Kutoka mkanda mweupe hadi kuitwa sabumnim: mwongozo kamili wa vyeo, adabu na mazoezi ya taekwondo

Mwongozo huu unawahusu watu wawili: anayeanza taekwondo na hajui amwiteje nani, na mwenye mkanda mweusi ambaye ameambiwa aanze kusaidia kufundisha. Wa kwanza anaogopa kukosea adabu. Wa pili anatamani jina. Dawa yao ni moja, kwa sababu katika sanaa za mapigano za Kikorea mtu hajipi cheo. Wengine ndio wanaokitamka, na wanakitamka baada ya kuona mambo yaleyale kila siku: unavyoingia ukumbini, unavyofunga mkanda, unavyompiga mtu aliye chini yako, unavyomrekebisha mtoto aliyekosea hatua.

Jua kwanza klabu yako ni ya tawi lipi

Taekwondo ina matawi makubwa mawili na vyeo vyake havifanani. Tawi la kwanza ni la Kukkiwon, makao yaliyofunguliwa Seoul mwaka 1972, ambayo ndiyo hutoa vyeti vya dani, yaani madaraja ya mkanda mweusi. Upande wa mashindano unasimamiwa na World Taekwondo, shirikisho lililoanzishwa mwaka 1973. Huu ndio mchezo ulioanza kutoa medali rasmi za Olimpiki mwaka 2000 huko Sydney, na ndio aliocheza Mkenya Faith Ogallo kwenye michezo ya Tokyo. Tawi la pili ni ITF, yaani Shirikisho la Kimataifa la Taekwondo, lililoanzishwa na Jenerali Choi Hong Hi mwaka 1966. Leo yako mashirika zaidi ya moja yanayotumia jina hilo.

Kuyatofautisha ni rahisi. Sare ya Kukkiwon, yaani doboki, huvaliwa kwa kupitisha kichwani na shingo yake ina umbo la V. Ya ITF hufunguka mbele kama koti. Wa Kukkiwon hujifunza pumse, yaani mifuatano ya hatua na mapigo iliyopangwa: zile za Taeguk, namba 1 hadi 8, kisha Koryo. Wa ITF mifuatano yao huiita tul, nayo ni 24, kuanzia Chon-Ji. Katika pigano la ITF ngumi ya kichwani inaruhusiwa. Kwa World Taekwondo ngumi inaruhusiwa kifuani tu.

Ukijua tawi lako hutababaika mtu akikuambia kwamba cheo unachokitumia si sahihi. Mara nyingi huwa anazungumzia tawi lake. Mwongozo huu unafuata zaidi upande wa Kukkiwon.

Nani anaitwa nani

Upande wa Kukkiwon majina yafuatayo yanafuata kazi kuliko dani, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa.

*Kwanjangnim* ni mkuu wa ukumbi wa mazoezi, yaani dojangi. Nchini Korea anayeendesha ukumbi wake huitwa hivyo hata kama ana dani ya 4 au ya 5 tu. Kwa hiyo usidhani kila kwanjangnim ni mzee wa dani ya 8.

*Sabumnim* ni mwalimu kamili, kwa kawaida mwenye dani ya 4 na kuendelea. Katika ukumbi mkubwa sabumnim huwa ameajiriwa na kwanjangnim, na madarasa ya kila siku yako mikononi mwake.

*Kyosanim* ni mwalimu mdogo, mwenye dani ya 1 hadi ya 3, anayefundisha chini ya uangalizi. *Jokyonim* ni msaidizi: anashika pedi, anapanga mistari, anawafunga watoto mikanda. Wanafunzi wenyewe kwa wenyewe wana *sunbae*, aliyekutangulia, na *hubae*, aliyekuja nyuma yako.

ITF wao wamefunga cheo na dani moja kwa moja: dani ya 1 hadi ya 3 ni *boosabum*, ya 4 hadi ya 6 ni *sabum*, ya 7 na ya 8 ni *sahyun*, ya 9 ni *sasung*. Hapkido na Tang Soo Do, sanaa nyingine za mapigano za Kikorea, hutumia majina yanayokaribiana na ya Kukkiwon, ila mipaka ya dani hubadilika kutoka shirika hadi shirika. Ukitembelea ukumbi wa wenzako, uliza mlangoni.

Sasa kuhusu kile kipande cha mwisho, *-nim*. Ni heshima unayompa mtu mwingine, na kwa Mkorea kujipachika wewe mwenyewe ni kosa linalokera masikio. Mwalimu anayesimama mbele ya wageni na kusema "Mimi ni Sabumnim Juma" ameshajishusha mbele ya kila anayejua. Aseme "Naitwa Juma, nafundisha klabu fulani," na akilazimika kutaja cheo aseme "sabum" bila *-nim*. Kosa hili limejaa kwenye mabango ya klabu na kwenye kurasa za mitandao ya kijamii, na kulisahihisha hakugharimu chochote. Vivyo hivyo na "masta" na "grandimasta": waache wanafunzi na walimu wenzako wakuite. Ukijibandika mwenyewe ukiwa na dani ya 3, siku utakapokutana na mwenye dani ya 7 anayejitambulisha kwa jina lake tu, kila aliyepo atapima.

Ukiongea na mwalimu Mkorea, tumia jina la ukoo na cheo: "Kim sabumnim". Usimwite kwa jina lake tupu, hata kama mmezoeana. Na Mkorea hamwambii mwalimu wake "wewe", hurudia cheo. Badala ya kuuliza "Utakuja kesho?" uliza "Sabumnim atakuja kesho?" Kwa Kiswahili inasikika ajabu kidogo, lakini yeye ataelewa umelelewa vizuri.

Mwanafunzi akiwa mkubwa kuliko mwalimu

Hili huku kwetu ni jambo zito. Kijana wa miaka 24 mwenye dani ya 2 anapewa darasa, na ndani yake yumo mzee wa miaka 50 aliyeanza mwezi uliopita. Nani amwamkie nani?

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Nje ya mkeka, umri unatawala: kijana anamwamkia mzee "Shikamoo" kama kawaida, na anampokea mkoba. Ikishatolewa amri ya kujipanga, daraja la mkanda linatawala: mzee anasimama kwenye mstari wa mkanda wake, anainamia kama wengine, anajibu "Ndiyo, kyosanim". Wakimaliza, umri unarudi. Kijana akikataa kuamkia eti yeye ni mwalimu, wazazi wa watoto wataona na watamhesabu mkosefu wa adabu, na watakuwa na haki. Mzee naye akikataa kusahihishwa na kijana, mwalimu mkuu amweleze pembeni, kamwe si mbele ya mstari.

Wakati wa kumsahihisha aliyekuzidi umri, simama ubavuni kwake badala ya kumkabili usoni, punguza sauti, onyesha kwa mwili wako mwenyewe kwanza. Ukihitaji kumshika mguu au kiuno, omba ruhusa. Kwa mwanamke omba ruhusa kila mara, au mwite mwanamke mwenye mkanda wa juu amshike.

Kuingia ukumbini

Fika dakika 15 kabla. Vua viatu mlangoni na uvipange, ncha zikitazama nje. Simama kizingitini, inama kuelekea bendera, au kuelekea katikati ya ukumbi kama bendera haipo. Kisha mtafute mwalimu wa juu kabisa aliyepo umwinamie, ndipo uwafuate wengine. Ukichelewa, usijipenyeze mstarini. Simama pembeni mwa mkeka, tulia mpaka mwalimu akuone, inama, ngoja akuashirie, kisha uingie kwa kupita nyuma ya mistari. Kupita mbele ya mwalimu anayefundisha, au katikati ya wawili wanaopigana, ni kosa la adabu na ni hatari.

Kuinama kuna namna yake. Visigino pamoja, mikono iliyonyooka ubavuni, kiwiliwili kipinde kutoka kiunoni kwa nyuzi kama 30, macho yatazame sakafu, tulia kwa muda wa pumzi moja, inuka. Wanaoanza hukosea kwa kukunja shingo tu, au kwa kuinua macho kumkodolea mwalimu wakiwa wameinama. ITF huinama nyuzi 15 na macho hubaki kwa mpinzani, kwa hiyo ukiwatembelea fuata wao.

Waislamu wengi, hasa wa pwani, huuliza kuhusu kuinamia bendera au mtu. Swali ni la haki na lisijibiwe kwa ukali. Kwa Wakorea kuinama ni salamu ya kila siku, wanainamiana dukani na kazini. Hata hivyo dhamiri ya mtu ni yake. Mwanafunzi aongee na mwalimu kabla ya siku ya kwanza, wakubaliane: kutikisa kichwa kidogo na kuweka mkono wa kulia kifuani kunatosha. Mwalimu asimlazimishe mtu, wala asimfanye mfano mbele ya darasa. Hijabu nayo inaruhusiwa kwenye mashindano ya World Taekwondo, chini ya kofia ya kujikinga.

Kupeana mkono na Mkorea aliyekuzidi: toa mkono wa kulia, wa kushoto ushike chini ya kiwiko au kifundo cha mkono wako wa kulia, na uiname kidogo. Watu wa pwani na bara wana desturi inayokaribiana sana na hii, kwa hiyo hutapata tabu. Cheti, mkanda, kikombe cha maji, bahasha ya ada: vyote hutolewa na kupokelewa kwa mikono miwili.

Kufunga mkanda

Mkanda uliofungwa vibaya huonekana kutoka mwisho wa ukumbi, na mtahini huuona kabla hujapiga teke hata moja.

1. Kunja mkanda mara mbili upate katikati yake. Weka katikati hapo chini ya kitovu.
2. Zungusha ncha zote mbili mgongoni, zipishane bila kujisokota, zirudi mbele. Pima: ncha lazima ziwe sawa.
3. Pitisha ncha moja juu ya nyingine mbele ya tumbo, kisha iingize chini ya matabaka yote mawili ya mkanda, kutoka chini kwenda juu. Kaza.
4. Ncha iliyotokea juu sasa ishushe, ipishane na ile nyingine, ipite kwenye tundu lililotokea kati yao. Vuta ncha zote mbili kwa pembeni.

Fundo sahihi hulala, na ncha zake hutoka kulia na kushoto. Fundo likisimama wima, moja ikitazama juu na nyingine chini, ujue hatua ya 4 umeifanya upande ambao siyo. Fungua hatua hiyo peke yake uigeuze. Ncha zinazoning'inia zenye urefu wa sentimita 20 hadi 30 zinapendeza. Zikifika magotini, mkanda ni mrefu mno na utajikanyaga kwenye mateke ya juu.

Mkanda ukifunguka katikati ya mazoezi, piga goti moja au simama, lakini geuka kwanza uwape mgongo bendera na mwalimu, urekebishe, kisha urudi. Huo ni utaratibu wa Kikorea na watu wazima wengi huusahau.

Amri za mazoezi

Mstari wa mbele hukaa mikanda ya juu, aliye juu zaidi akiwa kulia kabisa, ukitazama kwa macho ya wanafunzi. Amri hutolewa na mwanafunzi wa daraja la juu:

*Charyot*: simama wima. *Kukkie daehayo kyongne*: salamu kwa bendera, mkono wa kulia kifuani. *Baro*: rudi. *Sabumnimkke kyongne*: salamu kwa mwalimu. Wakati wa mazoezi utasikia *junbi* (jiandae), *shijak* (anza), *kuman* (acha), *dwiro dora* (geuka nyuma), *shio* (pumzika). Pigano likisimamishwa ni *kallyo*, likiendelea ni *kyesok*. Hesabu: *hana, dul, set, net, dasot, yosot, ilgop, yodol, ahop, yol*. Zijue kwa moyo ndani ya wiki mbili za kwanza. Siku utakapoambiwa uhesabie darasa huwezi kuomba karatasi.

Baada ya kurekebishwa, jibu ni inama na "Kamsahamnida", yaani asante. Usijieleze kwa nini ulikosea. Mwanafunzi anayejibu kila rekebisho kwa maelezo humchosha mwalimu, na baada ya muda mwalimu huacha kumrekebisha. Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote.

Teke moja, kwa undani

Heshima ya ukumbini inajengwa juu ya misingi inayoonekana mwilini. Tuchukue *dollyo chagi*, teke la mzunguko, kwa sababu ndilo linalopigwa kuliko yote na ndilo linaloharibu magoti kuliko yote.

Simama msimamo wa pigano, mguu wa kushoto mbele, mikono juu. Kwanza inua goti la kulia moja kwa moja mbele, kana kwamba unataka kupiga teke la mbele. Usilipeleke pembeni, maana mpinzani ataliona mapema na utampa muda. Pili, goti likiwa juu, zungusha mguu wa kushoto ulioukanyagia, ukiwa juu ya sehemu ya mbele ya wayo, mpaka kisigino kitazame shabaha. Tatu, nyonga ya kulia ipinduke juu ya ile ya kushoto. Nne, fyatua muundi, piga kwa mgongo wa wayo. Tano, kunja tena goti kabla ya kuushusha mguu.

Hatua ya pili ndiyo inayorukwa. Mguu wa chini ukibaki umeganda huku nyonga ikizunguka, msokoto wote unaingia kwenye goti, na mishipa ya goti haikuumbwa kwa ajili hiyo. Kwenye sakafu ya saruji iliyo kavu, au mkeka wenye mpira unaong'ang'ania, hatari huongezeka. Hatua ya tano ikirukwa, mguu unaanguka wenyewe, na mwili unabaki wazi mbele ya mpinzani.

Zoezi la kurekebisha: shika ukuta kwa mkono mmoja. Piga polepole, ukitulia kwa sekunde mbili kwenye kila hatua, mara 10 kila mguu, mizunguko 3. Fanya hivyo kwa wiki nne kabla ya kudai kasi. Watoto hawatapenda. Waambie wahesabu kwa Kikorea kwa sauti na itapita.

Misimamo nayo ina vipimo. *Ap sogi* ni hatua ya kawaida ya kutembea, kama urefu wa nyayo tatu. *Ap kubi* ni ndefu zaidi, nyayo nne hadi nne na nusu, goti la mbele limekunjwa, la nyuma limenyooka, uzito mwingi ukiwa mbele. *Dwit kubi* hubeba kama asilimia 70 ya uzito mguu wa nyuma. Kwenye *Taeguk il jang*, pumse ya kwanza, kazi kubwa ni kupishanisha *ap sogi* na *ap kubi* bila kuzichanganya. Mtahini akiona misimamo yote miwili ina urefu mmoja, ameshajua kiwango chako.

Pigano: mahali tabia inapoonekana

Vaa vyote: hogu ya kifuani, kofia, kinga ya meno, kinga za mikono, za miundi na ya sehemu za siri. Inama kwa mwenzako kabla na baada. Anayeweka kasi ya pigano la mazoezi ni mwenye mkanda wa chini, na mwenye mkanda wa juu humfuata. Mkanda mweusi anayempiga mkanda wa njano kwa nguvu zote hajashinda chochote, na watu hawatasahau. Ukimuumiza mtu, acha mara moja, piga goti moja ukimpa mgongo au kaa mbali kidogo, ngoja mwalimu amwangalie, kisha umuombe radhi mwenyewe. Ukipigwa teke zuri, tikisa kichwa kukubali. Kusema "haikunigusa" ni tabia ya kuvunja urafiki ukumbini.

Mitihani ya mikanda ya rangi na kuvunja ubao

Madaraja ya chini huitwa gupu, na huhesabiwa kwa kushuka mpaka gupu ya 1 kabla ya mkanda mweusi. Mpangilio wa rangi ni mweupe, njano, kijani, bluu, nyekundu, na mistari ya katikati hutegemea klabu. Kwa mazoezi ya mara tatu kwa wiki, miaka mitatu hadi minne mpaka mkanda mweusi ni mwendo mzuri. Korea watoto hufanya mazoezi karibu kila siku, kwa hiyo wanafika mapema zaidi, usijilinganishe nao. Usimuulize mwalimu "nitapanda lini?" Uliza "nirekebishe nini?" Swali la pili hujibu la kwanza.

Kuvunja ubao hufeli kwa sababu za ubao mara nyingi kama za teke. Tumia mbao laini kama msonobari, kipande cha mraba chenye pande za sentimita 30 hivi na unene wa sentimita 2 kwa mtu mzima, mwembamba zaidi kwa mtoto. Mbao iwe kavu kabisa: mbichi hupinda na kurudisha nguvu mguuni. Epuka yenye macho, yaani vile vifundo vya matawi. Angalia mistari ya mbao: ubao hupasuka kufuata mistari, kwa hiyo mshikaji ashike kingo mbili zinazokwenda sambamba na mistari hiyo. Mistari ikisimama wima, ashike kushoto na kulia. Akishika juu na chini, hata bingwa atavunja kidole kabla ya kuvunja ubao. Mshikaji anyooshe viwiko na avifunge, asimame mguu mmoja nyuma, vidole visitokeze upande wa mpigaji, na ageuze uso kwa sababu ya vipande. Mpigaji alenge katikati, na alenge nyuma ya ubao, siyo usoni pake. Anayepunguza kasi dakika ya mwisho ndiye anayeumia.

Dani, cheti na matapeli

Walio chini ya miaka 15 hupewa *pum* badala ya dani. Kwa watu wazima, muda wa chini kabisa wa Kukkiwon kati ya dani na dani ni huu: mwaka 1 kutoka ya 1 kwenda ya 2; miaka 2 kwenda ya 3; 3 kwenda ya 4; 4 kwenda ya 5; 5 kwenda ya 6; 6 kwenda ya 7; 8 kwenda ya 8; na 9 kwenda ya 9. Zijumlishe: hata anayefaulu kila mara bila kukosa anahitaji miaka 38 tangu dani ya 1. Kwa hiyo ukikutana na mtu wa miaka 35 anayedai dani ya 9, hesabu inatosha kukujibu.

Cheti halali huwa na namba, na dani za Kukkiwon huweza kuhakikiwa kwenye tovuti yake. Kabla ya kulipa ada ya mtihani wa dani, fanya mambo matatu: muulize mwalimu ni shirika gani litatoa cheti, Kukkiwon au klabu yenyewe, muulize nani atapendekeza jina lako, kwa kuwa anayependekeza anapaswa kuwa na dani ya 4 au zaidi, na ukipewa cheti, hakiki namba ndani ya mwezi mmoja, na tahajia ya jina ifanane na pasipoti. Jina lililokosewa herufi moja litakusumbua siku ya kuomba dani inayofuata. Cheti cha klabu siyo dhambi, kina thamani ndani ya klabu. Tatizo ni kuuziwa kama cha Kukkiwon.

Kuwa na dani ya 4 peke yake hakukufanyi mwalimu wa kimataifa. Kukkiwon ina kozi ya walimu yenye madaraja matatu: daraja la 3 kwa wenye dani ya 4 na 5, la 2 kwa dani ya 6 na 7, la 1 kwa dani ya 8 na 9.

Ukiambiwa uanze kufundisha

Miezi mitatu ya kwanza usifundishe kitu kipya. Shika pedi, panga mistari, hesabu. Jifunze majina ya wanafunzi wote. Mtoto anayeitwa kwa jina lake hunyooka haraka kuliko anayeitwa "wewe wa mkanda wa njano".

Ukipewa darasa la dakika 90, ligawe hivi: 15 za kupasha mwili, 20 za misingi, 25 za pumse au pedi, 20 za pigano, 10 za kunyoosha viungo na kufunga. Watoto zaidi ya 15 wanahitaji msaidizi. Rekebisha jambo moja kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja: ukimwambia mikono, goti na kisigino kwa pumzi moja, hatashika hata kimoja. Kosa likiwa la watu wengi, simamisha darasa uonyeshe bila kutaja mtu. Likiwa la mmoja, mfuate alipo.

Adhabu za kumdhalilisha mtoto, fimbo, au kumlaza njaa ili apunguze uzito wa mashindano, hazina nafasi. Usibaki peke yako na mtoto kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Wazazi waruhusiwe kukaa na kutazama. Ada ziandikwe, risiti zitolewe, na mtihani usiwe mradi wa pesa. Mwalimu anayepandisha kila aliyelipa hupoteza heshima ya mikanda yote aliyowahi kuifunga, hata ya wale waliostahili.

Fanya mazoezi yako mwenyewe mbele ya wanafunzi angalau mara moja kwa wiki, ukitoka jasho. Ukikosea pumse, rudia tangu mwanzo. Mkuu wako akiwepo, mpishe atoe amri, na usisahihishe alichofundisha mbele ya watu. Kama hukubaliani naye, ongea naye baada ya mazoezi mkiwa wawili.

Na ukifika wakati wa kuondoka kwenda kufungua klabu yako, mwambie yeye kwanza kabla ya wanafunzi, ana kwa ana, mapema iwezekanavyo. Usichukue wanafunzi wake. Usifungue mtaa uleule. Mualike siku ya ufunguzi, umkalishe mbele, na mitihani ya kwanza ya klabu yako umuombe aisimamie yeye.